Tela Linalonukia Chapati

Kaeni vizuri. Vuteni miguu ndani. Hadithi inaondoka!

Limi ana miaka sita. Nyumba yake ina magurudumu mawili.

Ndiyo, magurudumu! Nyumba ya Limi ni tela. Tela la kijani, lenye mlango, dirisha na paa la bati. Ndani kuna kitanda cha Baba na Mama, kitanda kidogo cha Limi, jiko, na cherehani mbili.

Baba na Mama ni mafundi cherehani. Wanashona sare za shule. Wakimaliza shule hii, wanafunga tela nyuma ya pikapu. Wanaenda shule ile.

Watoto wengine wanahama nyumba. Limi anahama na nyumba.

Asubuhi moja walikuwa njiani kwenda shule ya Mwabulenga. Barabara ilikuwa ya vumbi. Huku pamba, huku pamba. Baba alishika usukani. Mama alikaa dirishani. Limi alikaa katikati.

Kukaa? Wapi! Limi alipiga magoti kitini, akatazama nyuma. Akageuka mbele. Akakanyaga paja la Mama. Akageuka tena nyuma.

"Limi, tulia," alisema Mama.

"Nimetulia, Mama," alisema Limi. Miguu ilikuwa inacheza.

Na huko nyuma, tela nalo lilikuwa na lake.

Kwii-kwii! Kwii-kwii!
Tela linalia,
Limi hatulii.

Lilikuwa gurudumu la kushoto. Lilianza kulia siku nyingi zilizopita. Lililia mlimani. Lililia bondeni. Mbuzi walilisikia, wakakimbia na kamba zao.

"Tela hili litanitia wazimu!" alisema Baba.

"Basi litengeneze, Baba Limi," alisema Mama.

"Kesho."

"Ulisema kesho jana. Na juzi pia ulisema kesho."

Baba akakuna kichwa. "Mzee Mihayo wa Mwabulenga analitaka tela hili. Likifika linalia hivihivi, namwachia. Nimechoka nalo."

"Analitaka la nini?" aliuliza Limi.

"Banda la kuku."

Banda la kuku! Limi alitoa macho. Aliwaona kuku dirishani kwake. Aliwaona kuku juu ya jiko la Mama. Aliwaona kuku kitandani kwake, wakinyea shuka lake la maua!

"Na sisi tutalala wapi, Baba?"

"Tutapanga chumba. Chumba kisicholia."

Limi hakutaka chumba. Chumba hakina magurudumu. Chumba hakiendi popote. Alitaka kulia, lakini tela lilikuwa limeshamtangulia.

Kwii-kwii! Kwii-kwii!
Tela linalia,
Limi hatulii.

Mchana walisimama kivulini. Baba aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, tela lisirudi nyuma. Akajilaza, akafunika uso kwa kofia. Mama alikaa upande wa pili wa pikapu, akashona vifungo.

Limi alilala kidogo. Akaamka. Akakaa kidogo. Akasimama. Akaenda kulitazama gurudumu la kushoto.

Limi alifikiri. Cherehani ya Mama nayo hulia. Ikilia, Mama hufanya nini? Mama husema, "Kwanza futa uchafu. Halafu tia mafuta." Na cherehani hunyamaza.

"Kumbe ni rahisi!" alisema Limi.

Katikati ya gurudumu palikuwa na kifuniko kidogo cha chuma. Kilikuwa kama kikombe, tena kilikuwa kimelegea. Limi alichukua kijiko, akakichokoa. Pwa! Kikatoka.

Ndani aliona kitu cheusi. Kizito. Kinanata.

"Uchafu huo!" alisema Limi. "Pole, tela. Ndiyo maana unalia."

Kwanza futa uchafu. Limi alifuta. Alichokoa kwa kijiko, akafuta kwa kitambaa. Akafuta tena. Kile kitu cheusi kikaisha.

Haukuwa uchafu, jamani. Lakini Limi angejuaje?

Halafu tia mafuta. Limi aliingia ndani ya tela, akachukua chupa ya mafuta ya cherehani. Akaiinamisha. Tone moja tu! Gurudumu lote lile, tone moja?

Akatazama huku. Akatazama kule. Juu ya rafu aliliona kopo la samli.

Ilikuwa samli ya Bibi. Mama alisema ni ya sikukuu. Alisema mtu asiiguse.

Lakini kuku je? Kuku na shuka la maua?

Limi aliishika samli, akashuka nayo. Akachota kijiko kimoja. Akachota viwili. Akashindilia samli yote ndani ya gurudumu, kopo likabaki tupu. Akarudisha kifuniko, akakigonga kwa jiwe. Ko, ko, ko!

Halafu akanawa mikono, akakaa kitini kama mtoto mwema.

Safari ikaendelea. Baba alikunja uso, akingoja kelele. Akangoja. Akangoja.

Kimya.

"Sikilizeni!" alisema Baba.

"Sisikii kitu," alisema Mama.

"Ndicho hicho! Tela limepona lenyewe!"

"Gurudumu haliponi lenyewe, Baba Limi. Nini kimelinyamazisha?"

Limi alitazama vidole vyake vya miguu.

"Baba, kwa hiyo hatuliuzi?" aliuliza.

"Likifika hivi, tutaona," alisema Baba, akaanza kupiga mluzi.

Limi alifurahi. Lakini furaha yake haikukaa sawasawa. Ilikuwa na samli ndani yake.

Akageuka nyuma. Akageuka mbele. Akakaa juu ya mikono yake.

Kimya, kimya!
Tela halilii,
Limi hatulii.

Mara Mama akanusa. Akanusa tena.

"Nani anapika chapati?"

Walitazama kulia. Pamba. Walitazama kushoto. Pamba. Hapakuwa na nyumba, wala jiko, wala moshi. Lakini harufu ilikuwepo. Harufu ya chapati za samli, za moto kabisa!

Mbwa mmoja akatoka shambani, akaanza kulifuata tela. Hau! Mbwa wa pili akaja. Hau, hau! Na wa tatu, mwenye sikio moja. Wote watatu walikimbia, ndimi nje.

Mbele kidogo, watoto walikuwa wanachunga ng'ombe. Walinusa, wakaruka juu.

"Chapati zinapita! Chapati zinapita! Simameni, tupeni mbili!"

"Hatuuzi chapati!" alipiga kelele Baba.

"Muongo huyo!" walisema watoto.

Limi alijua. Jamani, Limi alijua!

Halafu harufu ikabadilika. Sasa ilikuwa harufu ya chapati iliyoungua.

Halafu tela likaanza kuunguruma.

Krrr! Krrr! Krrr!

"Baba Limi, moshi!" alisema Mama. "Simama!"

Baba alisimamisha gari pembeni. Alikata matawi ya majani, akayaweka barabarani nyuma na mbele, ili madereva wengine waone kwamba hapa kuna gari bovu. Mama aliweka mawe kwenye magurudumu. Mbwa watatu walikaa chini, wakangoja chapati.

Mama aligusa jiko. Baridi. Baba alifunua sufuria. Tupu. Kisha Baba akapeleka mkono karibu na gurudumu la kushoto.

"Lo! Linawaka!"

"Nilete maji?" aliuliza Limi.

"Hapana! Chuma cha moto hakimwagiwi maji, kitapasuka. Tuliache lipoe."

Baba alikaa kwenye jiwe. Hakupiga mluzi tena. "Beringi imekufa," alisema. "Ndiyo chuma kinacholizungusha gurudumu. Tela limezeeka, Mama Limi. Tutaliburuta polepole hadi kwa Mzee Mihayo. Kuku hawasafiri, litawafaa."

Mama alilitazama tela kwa muda mrefu. Macho yake yalijaa machozi.

Limi alienda upande huu. Akaenda upande ule. Akazunguka tela mara moja. Akazunguka mara mbili.

Akisema, Mama atakasirika. Samli ya sikukuu! Kopo zima!

Asiposema, tela ni la kuku.

Mbwa mwenye sikio moja alikuwa amekaa mbele ya gurudumu, analitazama. Mbwa huyu anajua, alifikiri Limi. Mimi najua. Baba na Mama tu ndio hawajui.

Akasimama mbele ya Baba.

"Baba, tela halijazeeka. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilifuta uchafu kwenye gurudumu. Halafu nikatia samli."

"Samli?" alisema Baba.

"Samli yangu?" alisema Mama. "Ya sikukuu?"

"Ndiyo, Mama."

"Yote?"

"Yote."

Hata mbwa walifunga midomo.

Mama alichuchumaa, akamtazama Limi machoni. "Limi, gurudumu lingechomoka kwenye kona, sasa hivi tungekuwa mtaroni. Na umekaa na jambo hilo njia nzima?"

"Niliogopa, Mama. Niliogopa kuku."

Limi akalia. Alilia kwa sauti, machozi na makamasi pamoja. Mama alimfuta kwa ncha ya khanga.

"Tela halina mdomo," alisema Mama. "Lakini lilipoumwa, lililia, tukasikia. Wewe una mdomo, mwanangu. Ukikosea, sema mapema. Samli itapatikana nyingine. Wewe nitakupata wapi mwingine?"

Baba alikohoa. Akainuka. Akaenda kwenye pikapu, akaingiza mkono chini ya kiti chake, akatoa kopo. Kopo jipya, bado limefungwa.

"Na mimi nina la kusema," alisema Baba.

"Hilo ni kopo la nini?" aliuliza Mama.

"Grisi. Mafuta ya gurudumu. Niliinunua zamani, nikaikalia. Kila siku nasema kesho, kesho." Baba alimgeukia Limi. "Kile kitu cheusi ulichofuta hakikuwa uchafu. Kilikuwa grisi. Ilikuwa imebaki kidogo, tena imechoka. Tela lilikuwa linalia njaa, na chakula chake nimekikalia mimi!"

"Baba Limi!"

"Nimekosa, Mama Limi."

Mama aliweka mikono kiunoni. "Ama kweli mtoto wa nyoka ni nyoka! Mmoja amekalia grisi, mwingine amepaka samli!"

Kisha Mama akacheka. Baba akacheka. Limi akacheka kidogo, huku bado analia.

Gurudumu lilipopoa, kazi ikaanza.

Baba aliweka jeki. Kru, kru, kru! Tela likainuka. Baba akalitoa gurudumu. Ndani yake akatoa beringi. Ilikuwa pete ya chuma, na kwenye pete kulikuwa na vyuma vidogo vingi vilivyojipanga duara.

Waliiosha kwa mafuta ya taa. Samli iliyoungua ikatoka, nyeusi tii. Waliikausha kwa vipande vya kitambaa cha sare.

"Sasa tuombe," alisema Baba. "Ikiwa imekwaruzika, hatuna nyingine. Tela litakuwa la kuku."

Mama aliitazama juani, kile chuma kimoja, na kingine, na kingine. Mama anaweza kuona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Macho yake hayadanganyiki.

Limi alibana pumzi.

"Nzima!" alisema Mama.

"Nzima!" alisema Baba.

"Nzimaaa!" alipiga kelele Limi, na mbwa wote watatu wakaruka. Hau, hau, hau!

Baba alifungua kopo la grisi. Akachota, akaiweka kwenye kiganja cha Limi. Ilikuwa baridi na nzito.

"Vidole vyangu ni vinene," alisema Baba. "Vyako vitafika mpaka ndani. Ibonyeze beringi kwenye grisi. Tena. Tena. Mpaka grisi itokee upande wa pili."

Limi alibonyeza. Akazungusha kidogo. Akabonyeza.

Bonyeza, zungusha.
Bonyeza, zungusha.

Grisi ilijaa kwenye kucha. Ilipanda mpaka kwenye viwiko. Limi hakugeuka nyuma. Hakukanyaga paja la mtu. Ulimi ulitoka nje kidogo, kwenye kona ya mdomo.

Bonyeza, zungusha.
Bonyeza, zungusha.

"Imetokea upande wa pili!" alisema Limi.

Baba alirudisha beringi. Akarudisha gurudumu. Akakaza nati, kisha akailegeza kidogo. "Ikikazwa mno, gurudumu halipumui," alisema. "Ikilegea mno, linakimbia lenyewe."

Limi alilisukuma gurudumu kwa kidole kimoja. Shwaaa! Likazunguka hewani. Halikulia, wala halikunukia chapati.

"Na la kulia je?" aliuliza Limi.

"La kulia," alisema Baba, "tutalifanya ke..."

Mama akakohoa. Ehem!

"Leo!" alisema Baba. "Tutalifanya leo!"

Wakalifanya la kulia. Bonyeza, zungusha. Kisha waliondoa mawe yote barabarani. Waliondoa na matawi.

"Jiwe ukiliacha njiani, litampiga mwenzako," alisema Mama.

Wakaondoka. Mbwa walinusa hewa, hawakupata kitu, wakarudi kwao na hasira.

Njiani Baba alisimama mara mbili. Kila mara Limi alishuka, akapeleka mgongo wa mkono taratibu karibu na gurudumu. Likiwa la moto, angesema. Hata kama linakaribia kuwa la moto, angesema.

"La baridi, Baba!"

"Na la pili?"

"La baridi!"

Jua lilikuwa linazama walipofika Mwabulenga. Mzee Mihayo alisimama kwenye geti la shule. Kwapani alibeba kuku mweupe.

"Shikamoo, babu," alisema Limi.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee Mihayo alishangaa. "Mbona leo sikuwasikia? Siku zote tela lenu nalisikia toka ng'ambo ya mto! Haya, nimekuja na mwenye nyumba, aione."

Akamweka kuku chini. Kuku akapanda ngazi ya tela, ko-ko-ko, kama mgeni wa heshima. Akaingia ndani. Akaruka juu ya kitanda kidogo. Akaanza kuchakura shuka la maua!

"Toka!" alipiga kelele Limi. "Shii! Toka!"

Kuku akatoka mbio, manyoya hewani.

"Nyumba ameipenda," alisema Mzee Mihayo. "Lakini niambie ukweli, fundi. Lina kasoro gani, mpaka mnaliacha?"

Limi alimtazama Baba. Mama alimtazama Baba. Kuku naye akamtazama.

Baba alivua kofia.

"Tela halina kasoro, mzee. Kasoro ilikuwa kwa mwenye tela. Na leo tumemtengeneza."

"Kwa hiyo?"

"Haliuzwi. Unisamehe sana."

Limi aliruka. Akamkumbatia Baba miguuni. Suruali ya Baba ikapata alama mbili za mikono, nyeusi, ndogo. Baba hakujali.

Mzee Mihayo alicheka. "Basi nitajenga banda. Fito ninazo." Akainua pua mlangoni, karibu na kopo tupu la samli, akanusa. "Lakini jamani, nani amepika chapati?"

"Mzee," alisema Mama, "hiyo usiulize."

Usiku Mama alimsugua Limi mikono kwa sabuni na maji ya moto. Akasugua kwa majivu. Grisi kwenye kucha ilikataa kutoka.

"Mashuka yangu!" alisema Mama. Akaleta soksi mbili za shule, mpya kabisa. Akamvisha Limi mikononi.

Limi akapanda kitandani kwake, soksi mikononi. Mama akazima taa.

Nje, upepo ulipita kwenye pamba. Ndani, hakuna kilicholia.

"Limi?" aliita Baba gizani.

Hakuna jibu.

"Mama Limi, amelala?"

Mama alinyoosha shingo, akatazama.

"Amelala."

"Hata miguu?"

"Hata miguu."